Hotuba ya Carter na Foleni ya Petroli

Hotuba aliyoitoa Rais Jimmy Carter tarehe 15 Julai, 1979, yastahili sifa kwa unyofu wake. Wamarekani walikuwa wakipanga foleni za petroli baada ya mapinduzi ya Iran, naye akawasomea hadharani lawama alizotupiwa yeye mwenyewe. Viongozi wathubutuo hivyo ni wachache.

Hata hivyo, naona kiini cha jambo kilimponyoka. Alisisitiza mno imani iliyopungua na tamaa ya mali, kana kwamba foleni ilizaliwa moyoni mwa mnunuzi. Foleni ile ilikuwa na wazazi wawili: uhaba wa mafuta, na kanuni za serikali zilizobana bei na kugawa petroli kwa kufuata mauzo ya zamani. Bei ikifungwa, mnunuzi hulipa kilichobaki kwa saa zake.

Wanasiasa hutupiana mpira hapa. Lakini udhibiti wa bei uliwekwa mwaka 1971 na Nixon wa Republican; Carter wa Democratic alikwisha kuanza kuulegeza kabla ya hotuba; Reagan akaumaliza Januari 1981. Hakuna chama chenye mikono mitupu.

Carter aliahidi pia kwamba nchi haitaagiza tena mafuta kupita kiasi cha 1977. Miaka ya 1990 kiasi hicho kilipitwa. Ahadi yake ya kuwasaidia maskini kumudu gharama ilikuwa na uzito zaidi, lakini aliitaja kwa kupita tu. Kwangu mimi, hapo ndipo hotuba ingepaswa kuanzia. Serikali haiwezi kuifuta gharama. Yaweza kuamua nani asiachwe aibebe peke yake.