Bunduki katika Aya ya Kwanza: Uhakiki wa Barua Zetu za Kuomba Chuo cha Filamu

Mwezi uliopita tulikaa watu sita chini ya mti, hapa Kakuma, tukasomeana barua. Si barua za mapenzi. Ni zile barua za kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya filamu, ambapo chuo kinakutaka ueleze wewe ni nani na kwa nini unataka kutengeneza filamu. Waandishi sita, kutoka Kongo, Burundi, Sudan Kusini na Somalia. Barua tano zilianza na milio ya bunduki. Ya sita ilianza na usiku, bunduki ikaja sentensi ya pili. Hiyo ya sita ni yangu, niliyoiandika miaka miwili iliyopita.

Hakuna aliyedanganya. Kila bunduki ilikuwa ya kweli. Lakini tulipomaliza, dada mmoja wa Bujumbura akasema, "Jamani, mkizichanganya hizi karatasi, hata mimi sitaijua ya kwangu." Tukacheka, halafu tukanyamaza.

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki mashairi na hadithi. Leo naomba tuhakiki barua hizi, kwa sababu nazo ni maandishi, tena maandishi yanayoamua maisha ya mtu.

Tuanze na swali: tulijifunza wapi kuandika hivi? Kwenye mahojiano, bila shaka. Tangu siku ya kwanza kambini tunaulizwa: ulikimbia nini? Tarehe gani? Nani alikuwa na wewe? Ukisahau tarehe, una wasiwasi mwaka mzima. Basi tumejifunza kusimulia maisha kwa mpangilio mmoja: kijiji, shambulio, njia, kambi. Mpangilio huo una kazi yake, maana msomaji wake ni ofisa anayetakiwa kuamua kama unahitaji ulinzi.

Kamati ya chuo cha filamu ina swali lingine. Kwa kawaida wanataka barua ya kujieleza, filamu fupi uliyotengeneza, kurasa chache za skripti, barua mbili au tatu za mapendekezo, matokeo ya shahada ya kwanza na mtihani wa Kiingereza. Ukiondoa hayo mawili ya mwisho, mengine yote yanauliza jambo moja: unaona nini, na unakionaje? Sisi tunaulizwa tunaona nini, tunajibu yaliyotupata.

Mimi nilijibu hivyo, nikapeleka kwenye vyuo viwili, vyote vikanikataa. Sikulaumu mtu. Nimeirudia kazi ile niliyowapelekea, na leo naihakiki mwenyewe. Ilikuwa filamu ya dakika tano kuhusu kunawa mikono, niliyoipiga kwa kulipwa. Mama ananawa, mtoto ananawa, mama anatabasamu. Ni filamu iliyojua jibu kabla kamera haijawashwa. Nilimwambia yule mama atabasamu mara nne. Alikuwa kwenye foleni ya maji tangu saa kumi alfajiri, na uso wake wa kweli, ule wa uchovu na hasira kidogo, nilikuwa nao kwenye kadi. Nikaukata. Kitu pekee kilichokuwa hai katika filamu ile nilikitupa kwa mkono wangu.

Kilichonifungua macho ni filamu mbili. Ya kwanza ni Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1963, dakika kama 20 tu. Sembène alizaliwa Senegal mwaka 1923, akawa kuli bandarini Marseille, akaandika riwaya, na alikuwa karibu na miaka arobaini alipokwenda Moscow kusomea filamu. Kwa hiyo wewe unayejiona umezeeka, tulia. Angeweza kuanza na hotuba juu ya ukoloni. Badala yake ametupa mtu mmoja wa Dakar na mkokoteni wake wa farasi, siku moja. Anabeba watu, wengine hawalipi. Anambeba baba na maiti ya mtoto wake kwenda makaburini. Kisha abiria mmoja anamshawishi ampeleke mtaa wa Plateau, mtaa wa wenye nacho, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anamsimamisha. Medali yake inaanguka chini, na polisi anaikanyaga. Mkokoteni unachukuliwa. Anarudi nyumbani mikono mitupu.

Niliitazama kwenye simu, nikaona aibu. Sisi tunaoishi kwa ruhusa ya kutoka kambini tunajua vizuri mpaka usioonekana ni nini. Sembène ameuonyesha mpaka huo kwa kiatu kimoja na medali moja. Mimi nilikuwa na aya tatu zenye neno "mateso" mara tisa.

Ya pili ni ya ndugu yetu wa Kisangani, Dieudo Hamadi, aliyesomea tiba kabla ya kuhamia kwenye filamu. Examen d'État, ya mwaka 2014, inawafuata vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa. Hawana pesa za kuwalipa walimu, wanafukuzwa shule, basi wanakaa pamoja kwenye nyumba moja na kujifundisha wenyewe. Wanakariri, wanasali, wanatafuta majibu ya kununua. Hakuna sauti inayotuambia tuwahurumie, wala inayotuambia wanakosea. Hamadi amewaacha wawe wajanja, na ujanja huo ndio unaotufanya tuwapende. Nauliza: katika filamu tunazotengeneza hapa kambini, ni lini mara ya mwisho mkimbizi aliruhusiwa kuwa mjanja? Au mvivu? Au mchekeshaji?

Filamu yangu ya pili ina dakika saba, na ni foleni ya maji. Wenyewe mnajua: watu hawasimami, mitungi ndiyo inasimama. Bidoni ya njano yenye kitambaa chekundu ni ya mama fulani, ile iliyopasuka mdomo ni ya mzee, na ole wako uisogeze. Sikuwa na stendi ya kamera. Nikageuza mtungi juu chini, nikaweka kamera hapo, na dunia yote ikaonekana kwa kimo cha mtungi: miguu, kanga, mikono inayoshuka, mtoto anayesukuma bidoni ya mama yake mbele akidhani hakuna anayemwona. Ina makosa. Sauti ya upepo imeharibu dakika nzima, na mwisho wake ni mrefu kuliko inavyofaa. Lakini haikumwambia mtu yeyote atabasamu.

Barua mpya nikaianza na mtungi. Vita vimo, kwenye aya ya nne, sentensi mbili. Sikuvificha, nimevipa nafasi yao tu.

Chuo kimoja kikaniita kwenye mahojiano kwa intaneti. Mtandao ulikatika mara tatu. Mwalimu mmoja akaniuliza, "Kwa nini kamera iko chini vile?" Nikataka kusema maneno makubwa. Nikasema ukweli: sikuwa na stendi. Akacheka. Akauliza, "Na baada ya kuona picha, kwa nini hukurudi na stendi ya kuazima?" Hapo ndipo nikaelewa kuwa swali lilikuwa hilo. Nikamjibu kwamba kwa kimo cha mtu mzima nilikuwa naona watu wanaosubiri, na kwa kimo cha mtungi nikaona nani anamtegemea nani. Wamenikubali.

Sasa neno kwa wafanyakazi wa mashirika, maana najua mnasoma jarida hili. Barua zenu za mapendekezo nazo ni maandishi, nazo zahitaji uhakiki. Nimeona nne. Zote zinasema mwombaji ni "mchapakazi, mwaminifu, anafika kwa wakati." Asanteni, lakini hiyo ni barua ya kuajiri mlinzi. Andikeni jambo moja mliloliona kwa macho: siku alipobishana nanyi kuhusu picha, siku alipokataa kumpiga picha mtoto anayelia. Sentensi moja ya namna hiyo inazidi ukurasa wa sifa.

Na kuna jambo gumu ambalo siwezi kulimaliza kwa ushauri. Kukubaliwa si kulipiwa. Fomu ya ufadhili bado inataka ile bunduki, na inaitaka aya ya kwanza. Dada wa Bujumbura aliniuliza, "Kwa hiyo niwe na nyuso mbili?" Nimefikiri sana. Nadhani mfadhili anauliza unahitaji nini, na si kosa kumjibu. Kosa ni kulichukua jibu lile na kulipeleka mbele ya kamera. Andika barua mbili, dada yangu, na ujue kila moja inaongea na nani. Lakini sisemi kwamba haiumi. Wiki ile niliyoandika ya ufadhili sikuweza kuandika kitu kingine.

Maandalizi yangu sasa ni haya. Hati ya kusafiria nimeiomba, naisubiri. Chuo kinaanza Septemba. Nimenunua diski mbili, nimenakili kila nilichopiga, moja inabaki hapa. Kila Jumamosi natazama filamu moja mara mbili, ya pili bila sauti, nahesabu picha na kuandika kamera imewekwa wapi. Na nimeanza kuwazungukia watu walio kwenye picha zangu kuwauliza upya kama wanakubali zitoke nje ya kambi. Mzee wa bidoni iliyopasuka amekubali. Mama wa kunawa mikono nilimkuta kwenye foleni ile ile. Nikamwonyesha uso wake ule niliokata. Akautazama, akasema, "Huyu ndiye mimi. Yule mwingine alikuwa nani?"

Nimemwomba ruhusa ya kuutumia. Amesema atafikiri. Namsubiri naye, kama ninavyosubiri hati.