Mikwaju 282 ya Phil Mickelson

Mei 2021, Phil Mickelson alipofika Ocean Course, uwanja wa kisiwani Kiawah huko South Carolina, Marekani, alikuwa wa 115 kwa ubora duniani na alibakiza majuma machache kutimiza miaka 51. Ili acheze US Open ya mwezi uliofuata, ilibidi waandaaji wampe nafasi ya upendeleo. Jumapili jioni akabeba taji la PGA Championship kwa mikwaju 282, sita chini ya kiwango cha uwanja, akiwaacha Brooks Koepka na Louis Oosthuizen kwa mikwaju miwili. Hakuna aliyewahi kushinda taji kubwa la gofu katika umri huo. Rekodi ya Julius Boros, aliyeshinda mashindano hayohayo mwaka 1968 akiwa na miaka 48, ilikuwa imedumu zaidi ya nusu karne.

Alifanyaje?

Wengi huanza na nguvu, na ni kweli uwanja ule ulizidi yadi 7,800. Mickelson alishughulikia hilo mapema. Alipunguza mwili, akafanya mazoezi ya kuongeza kasi ya kuzungusha fimbo, kisha akatumia fimbo ya mkwaju wa kwanza yenye urefu wa karibu inchi 48, wakati wengi hutumia ya inchi 45 hivi. Fimbo ikirefuka, kichwa chake husafiri kwa kasi zaidi hata kama mwili unazunguka kwa mwendo uleule. Gharama yake ni kwamba kuupata mpira katikati ya uso wa fimbo huwa kazi ngumu zaidi. Jumapili, kwenye shimo la 16, mpira wake ulikwenda yadi 366, mbali kuliko wa mtu mwingine yeyote shimoni hapo siku hiyo.

Lakini yadi hizo pekee hazielezi ushindi. Kinachomwangusha mchezaji aliyezeeka, kwa kiasi kikubwa, ni umakini unaokatika siku ya nne. Mwaka 2008 Greg Norman, mwenye miaka 53, aliongoza The Open baada ya raundi tatu, kisha raundi ya mwisho akapiga mikwaju 77. Mwaka uliofuata, kule Turnberry, Scotland, Tom Watson wa miaka 59, ambaye nyonga yake ilikuwa imebadilishwa miezi michache kabla, alihitaji kiwango tu kwenye shimo la mwisho ili ashinde. Mkwaju wake wa pili ulikuwa mzuri, ila mpira uliruka ukapita grini. Akausukuma kuelekea shimoni, ukabaki umbali wa futi nane hivi. Msukumo uliofuata ulikuwa dhaifu tangu ulipoanza. Wakalingana, na mashimo manne ya nyongeza yakawa ya mpinzani wake Stewart Cink. Watson hakupungukiwa na misuli siku ile. Kilichomponyoka ni msukumo mfupi ambao hauhitaji misuli hata kidogo.

Mickelson aliujua udhaifu huo na alikiri wazi kwamba umakini wake ulikuwa umeanza kumtoroka. Dawa yake ilikuwa kucheza mashimo 36, hata 45, kwa siku moja, akijilazimisha kuuwazia kila mkwaju, ili 18 ya mashindano yaonekane machache. Kwa maoni ya safu hii, hapo ndipo taji lilipopatikana, kabla hajafika kisiwani.

Raundi ya mwisho ilithibitisha hilo. Alipoteza mkwaju kwenye shimo la kwanza na uongozi ukamtoka. Kwenye la pili Koepka akaharibu, uongozi ukarudi. Shimo la tano mpira wake ulikuwa mchangani, akauinua moja kwa moja hadi shimoni. La 13 ulizama majini, la 14 akapoteza mkwaju mwingine. Kila mara alisimama nyuma ya mpira, akavuta pumzi, akazungumza na ndugu yake Tim aliyembebea fimbo, ndipo akapiga. Hakukimbilia kulipiza. Alimaliza na mikwaju 73, mmoja juu ya kiwango, katika upepo wa Atlantiki, na ikatosha.

Baadaye, kuanzia Januari 2022, wasimamizi wa gofu waliruhusu mashindano kuweka kikomo cha inchi 46 kwa urefu wa fimbo. Hata hivyo, Aprili 2023, katika Masters pale Augusta, Mickelson wa miaka 52 alipiga 65 siku ya nne na kumaliza wa pili sawa na Koepka, nyuma ya Jon Rahm.