Pikapu Iliyokataa Kuwaka

Aghalabu gari likikataa kuwaka, cha kwanza kushutumiwa ni betri, cha pili ni stata, na mwenye gari hutoa fedha mara mbili kabla hajauliza swali hata moja. Na ndivyo ilivyokuwa kwa pikapu moja ya dizeli, Hilux ya injini ya lita 2.4, iliyofikishwa gereji mjini Tanga kwa kuvutwa na kamba, ikiwa na betri mpya kabisa, ilhali mwenyewe amekwisha kuulizia bei ya stata. Fundi aliyeipokea hakushika spana. Alimwamuru kijana wake aweke gia huru, awashe taa kubwa, kisha apige stata, naye akasimama mbele ya boneti akitazama na kusikiliza. Taa zilififia kidogo tu. Stata ikaguna mara moja, ikanyamaza.

Sauti ile peke yake iliondoa nusu ya dhana. Lau stata ingalizunguka kwa nguvu na injini isiwake, uchunguzi ungalielekea kwenye mafuta, na huko shahidi ni moshi: bomba lisipotoa kitu, dizeli haifiki kwenye nozeli, ama kwa hewa iliyoingia katika mipira, ama kwa solenoidi inayofungua mafuta pale kwenye pampu kukosa umeme, likitoa moshi mweupe, dizeli inafika lakini haishiki moto, na hapo hutazamwa kwanza plagi za kupasha moto. Hapa hayo hayakuhusu, maana injini haikuzunguka kamwe.

Watu wengi huona taa zinang'aa wakasema umeme upo, na dhana hiyo ndiyo inayowapoteza. Kanuni ya Georg Ohm, aliyoichapisha mwaka 1827, yaeleza kwamba volti zinazopotea njiani hulingana na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Tuseme kiungo kimeshika kutu hata kikawa na ukinzani wa ohm 0.03, kiasi kidogo ambacho mita ya kawaida haikipimi kwa yakini. Balbu ya wati 55, yenye kuvuta takriban ampea 4.6, ikipitia hapo hupoteza volti 0.14, wala jicho halitambui; lakini stata ya dizeli ikivuta ampea 170 kupitia kiungo hicho hicho hupoteza volti 5 na ushei, na kwa kilichobaki haiwezi kuisukuma injini yenye mgandamizo mkubwa namna ile. Fauka ya hayo, umeme wa taa hurudi kwenye betri kwa njia ya bodi na waya wake mwembamba, hata pengine haupiti kabisa mahali penye ubovu.

Kwa sababu hiyo waya haupimwi ukiwa umelala; hupimwa umeme ukipita. Fundi alichomoa kwanza waya wa solenoidi ya mafuta, injini isije ikawaka ghafla mikono ikiwa ndani, kisha akapima, kijana akishikilia ufunguo kwa muda mfupi kila mara. Betri, iliyokuwa na volti 12.6 katika utulivu, ilishuka hadi 10.9, dalili ya betri nzima, kwani iliyochoka huporomoka chini ya 9.6 au karibu yake. Kwenye stata yenyewe, baina ya bolti yake kubwa na bodi lake, zilionekana volti 5.2 tu. Zilipotelea wapi zile nyingine? Kutoka kichwa cha chanya cha betri hadi bolti ya stata zilipotea 0.4, jambo la kustahimilika. Kutoka kichwa cha hasi hadi chuma cha injini zilipotea 5.3, mahali ambapo hazipasi kuzidi 0.3 hivi. Hesabu ikatimia: 5.2, na 0.4, na 5.3 ni 10.9, wala haikusalia volti ya kutiliwa shaka.

Kabla ya kulala chini ya gari alifanya jambo moja lililonifurahisha mno: alishika kwa vidole waya wa aksileta, akaukuta una moto. Umeme uliozuiwa njia yake ya haki ulikuwa ukirudi kupitia bodi na kila chuma kilichogusana na injini, na waya ule mwembamba, usioundwa kwa kazi hiyo, ndio uliobeba mzigo. Gari la namna hii likiendelea kulazimishwa, ganda la waya huo huyeyuka, ukanasa, na balaa lake huonekana barabarani.

Waya mnene wa hasi ulikuwa umefungwa kwenye injini kwa bolti moja, na chini ya kichwa chake hewa ya chumvi ilikuwa imejenga tabaka la kutu ya kijani, ingawa kwa nje palionekana salama. Fundi alifungua, akasugua shaba na chuma kwa msasa hata vikang'aa, akakaza barabara, akapaka grisi juu; na ule mkanda wa waya uliosukwa, unaounga injini na bodi, uliokuwa umekatika siku nyingi, akaufunga mwingine. Alipopima upya, upotevu ulikuwa volti 0.1. Waya wa solenoidi ukarudishwa, injini ikawaka mara moja, na mita ikasoma volti 14.1 kwenye betri, yaani alteneta nayo haikuwa na lawama. Akamshauri mwenye gari aipeleke betri ya zamani ikachajiwe na kupimwa kwa mzigo, kwani huenda ilikuwa nzima siku zote.