Jinsi Talking Heads Walivyoijenga Remain in Light

Bendi ya Talking Heads, iliyoanza kupiga katika klabu ya CBGB jijini New York mwaka 1975, huwekwa katika kundi la wimbi jipya, yaani mkondo wa roki uliozuka mwishoni mwa miaka ya 1970 sambamba na panki, ukahifadhi ufupi na ukali wa panki huku ukikaribisha vinanda vya umeme, midundo ya dansi ya Wamarekani weusi na majaribio ya studio. Anayeipima bendi hii kwa singo zake tu, yaani nyimbo zilizouzwa mojamoja na kupigwa redioni, hataielewa ipasavyo, kwa kuwa singo yake ya kwanza kuingia katika nyimbo 30 bora za Marekani, "Take Me to the River" ya mwaka 1978, haikuwa utunzi wake bali wimbo wa Al Green. Kazi yake kubwa ilikuwa ikifanyika ndani ya albamu.

Albamu ya kwanza, Talking Heads: 77, bado ilifuata umbo la kawaida, ambapo ubeti hutofautishwa na kiitikio kwa kubadilisha kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja ili kuubeba wimbo. Mageuzi yalianza pale Mwingereza Brian Eno alipokuwa mtayarishaji wao kwa albamu tatu mfululizo, nayo yanasikika wazi katika "I Zimbra", wimbo unaofungua Fear of Music ya mwaka 1979. Maneno yake yalitokana na shairi la Hugo Ball, mmoja wa waanzilishi wa Dada, harakati ya wasanii waliokataa mantiki wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na kwa kuwa maneno hayo hayana maana yoyote, sauti ya mwimbaji iliacha kuwa msimulizi ikawa ala miongoni mwa ala nyingine. Wimbo huu mfupi ndio ufunguo wa kila kilichofuata.

Mwezi Julai 1980 bendi iliingia katika studio za Compass Point mjini Nassau, Bahamas, kurekodi Remain in Light, ikiwa na hamu ya kujifunza kutoka kwa Fela Kuti wa Nigeria, hususan albamu yake Afrodisiac. Walichokichukua kwa Fela si sauti yake wala vionjo vya tarumbeta zake, bali mpangilio: kila mpigaji hushika kipande kifupi, hukirudia bila kuchoka, na uzuri huzaliwa pale vipande hivyo vinapopishana na kujazana. Anayeufahamu muziki wa dansi wa Tanzania atautambua utaratibu huu katika chemko, sehemu ambayo waimbaji hunyamaza na magitaa ya solo, ridhimu na besi yakaanza kusukana, isipokuwa hapa chemko huanza tangu sekunde ya kwanza na uimbaji hufanyika juu yake.

Hakukuwa na kompyuta ya kunakili kipande na kukirudia, hivyo Chris Frantz kwenye ngoma, Tina Weymouth kwenye besi, Jerry Harrison kwenye kinanda na David Byrne kwenye gitaa walirudia vipande vyao kwa mikono, kila kimoja kikirekodiwa kwenye njia yake ya mkanda. Utunzi wenyewe ulikamilika kwenye mtambo wa kuchanganyia sauti, ambapo baadhi ya njia zilifunguliwa na nyingine kufungwa, na kwa namna hiyo ubeti ukatofautiana na kiitikio kwa wingi na aina ya ala zinazosikika, ilhali kodi ilibaki ileile. Katika "The Great Curve" mbinu hii inafikia kilele chake, kwa sababu makundi ya sauti, ikiwamo ya mwimbaji Nona Hendryx, yanapandana tabaka juu ya tabaka hadi gitaa la mpigaji mwalikwa Adrian Belew linapoupasua wimbo.

"Once in a Lifetime" ilipata uhai wake kutokana na Eno kulisikia pigo la kwanza mahali tofauti na wenzake, na badala ya kusahihishana, waliziacha hesabu mbili ziishi pamoja, kiasi kwamba besi ya Weymouth inaonekana kuelea. Maneno yalikuja mwishoni, Byrne akiiga mwendo wa wahubiri wa redioni. Singo hiyo ilifika nafasi ya 14 nchini Uingereza lakini haikuingia katika nyimbo 100 bora za Marekani ilipotoka.

Mbinu hiyo ya kutunga kwa pamoja ilileta ugomvi wa haki za utunzi, kwani toleo la kwanza liliwataja Byrne na Eno kuwa watunzi wa nyimbo nyingi, wenzao wakapinga, na matoleo ya baadaye yakawataja wote. Haki ilikuwa upande wa waliopinga, maana muziki uliojengwa kwa vipande vya kila mpigaji hauwezi kuwa mali ya wawili. Upande wa pili wa santuri, hasa "The Overload", hupoteza mpishano huo na kulegea, lakini nyimbo tatu za upande wa kwanza hazijapitwa na roki yoyote ya kizazi chake, na mwaka 2018 Angélique Kidjo wa Benin aliirekodi upya albamu nzima.