Kijana Aliyeelekea Ukutani

Watazamaji wengi wa The Blair Witch Project, filamu ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez iliyotoka Marekani mwaka 1999 kwa gharama ndogo, hulalamika kuwa mwisho wake ni pengo: nani aliyempiga Heather? Wengine husema ni mchawi, wengine ni mzimu wa Rustin Parr, wengine huwashuku wenzake wawili. Nadhani swali hilo halikuwekwa mahali pake.

Tukumbuke ushahidi uliotangulia. Mwenyeji wa Burkittsville asimulia kwamba Parr, aliyewaua watoto saba, aliwachukua wawili wawili. Mmoja humsimamisha kwenye pembe ya chumba, uso ukutani, huku akimwua mwenzake, maana hakuweza kuvumilia macho yakimtazama. Basi Heather ashukapo chini ya nyumba na kumkuta Mike ameelekea ukutani, twajua zamu ni ya nani. Filamu yatupa utaratibu wa mauaji, yatunyima jina la mwuaji.

Wala kunyimwa huko si hila. Mwuaji wa kisa hiki huchukia macho. Naye Heather hakukubali kuiacha kamera yake hata katika hofu kuu. Kamera yaanguka, na punde picha yazimika. Kama tungaliuona uso wa mwuaji, jicho lingalishinda, na kisa chote kingalijikanusha. Kwa hiyo mwisho huu haukupungukiwa na jibu. Umelitii sharti ulilojiwekea. Mhakiki aujazaye kwa jina husahihisha pasipo kosa.