Bia Iliyolala Kwenye Pipa la Wiski

Sheria ya Marekani inamtaka mtengenezaji wa burboni aihifadhi wiski yake kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa moto kwa ndani. Jipya, si lililotumika mwaka juzi. Kwa hiyo kila wiski inapomiminwa, pipa hubaki halina kazi: zima, imara, mbao zake zimelewa chakari, na sheria haitaki kulisikia tena. Mengi huvuka bahari kwenda kuhifadhi wiski ya Uskoti. Mengine, tangu miaka ya 1990, hupandishwa lori kutoka Kentucky hadi Chicago yakajazwe bia.

Wazo hilo lina wenyewe. John Hall alifungua kiwanda cha bia kiitwacho Goose Island mwaka 1988 katika mtaa wa Clybourn, Chicago, na baadaye mwanawe, Greg, akawa mkuu wa wapika bia. Inasimuliwa kwamba Greg alikutana na Booker Noe, mjukuu wa Jim Beam mwenyewe, yule wa burboni, kwenye chakula cha usiku huko South Bend, Indiana, na maongezi yao yakamletea mapipa sita. Akayajaza stauti, bia nyeusi ya kimea kilichokaangwa, ukoo mmoja na Guinness ila kali kuliko hiyo mara mbili na zaidi. Akaiita Bourbon County Stout. Leo viwanda vidogo vingi vya bia Marekani vina pipa la wiski mahali fulani nyuma ya mitungi.

Mwaka 2011 kiwanda kiliuzwa kwa kampuni kubwa ya bia, Anheuser-Busch, kwa dola milioni 38.8, na mimi ni miongoni mwa wanaolipita bomba la Goose Island bila kugeuza shingo. Kampuni kubwa ikimnunua mdogo hainunui bia tu. Inanunua rafu dukani na nafasi kaunta, na wadogo waliobaki wanasogezwa pembeni. Hata chama cha watengenezaji wadogo, Brewers Association, kina mpaka wake: ukishamilikiwa robo au zaidi na kampuni ya vileo isiyo ya kundi hilo, umetoka. Msimamo wangu una tundu, najua. Mwaka 2016 AB InBev, wenye Anheuser-Busch, waliichukua SABMiller, na ndani ya kapu hilo ilikuwamo Tanzania Breweries. Safari baridi ninayoiagiza nikiwa Moshi inapeleka shilingi zangu kwenye mfuko uleule, na sijawahi kuirudisha kaunta.

Chupa ya Bourbon County niliyoonja haikuwa yangu. Shemeji yangu anayeishi Chicago aliitoa kabatini baada ya chakula, nusu lita tu, nikaanza kumweleza habari za rafu na kaunta.

"Shemeji, onja kwanza. Hotuba tutaisikia baadaye."

Akamimina kwenye glasi ndogo. Ilishuka nyeusi na nzito kama oili chafu, ikavaa povu la kahawia lililozima kabla sijaishika vizuri. Nilipoinusa nikapata nazi, wazi kabisa, nikadhani jirani anapikia nazi. Kisha vanila. Ulimini ikaja sukari guru, tende, kahawa ya kuungua kidogo, na ilipopita kooni ikaacha joto la wiski lililokaa kifuani muda mrefu.

Humo ndani hakuna nazi wala vanila. Mwaloni mweupe wa Marekani una laktoni nyingi, na hizo ndizo zinazonukia nazi. Pipa linapochomwa, ligini iliyoshikilia nyuzi za mbao huvunjika na kutoa vanilini, ileile iliyomo kwenye ganda la vanila. Chini ya tabaka la mkaa, sukari za mti nazo zimeungua kiasi cha kugeuka karameli. Ongeza lita kadhaa za wiski ambazo mbao zimezinywa na kukataa kuzirudisha, mpaka bia ilipokuja kuzidai.

Lakini kuusifu mti peke yake ni kumdhulumu mpishi. Kazi yake ni kupika bia ambayo leo si nzuri. Anatia kimea kingi kupita kawaida, anachemsha kwa saa nyingi, hamira inahangaika mpaka inachoka, na kinachopatikana ni kitu kitamu mno, kizito mno, chenye uchungu wa masizi. Anaipika hivyo kwa makusudi, kwa sababu bia nyepesi ingezama ndani ya pipa na wewe ungekunywa mbao. Kila alichozidisha ana hesabu nacho: utamu utashindana na ukali wa wiski, masizi yatalainishwa na hewa kidogo inayopenya mbao. Halafu inabidi aache. Kiangazi ghala linatokwa jasho, bia inatanuka na kuingia kwenye mbao. Baridi ya Chicago ikibana, inasinyaa na kutoka na ilichokiokota. Karibu mwaka mzima huenda hivyo. Baada ya hapo ni kuonja na kuchanganya, maana mapipa mawili yaliyolala ubavu kwa ubavu hayatoi ladha moja, na lililoharibika halina budi kumwagwa, hata kama inauma.

Hatari ni ya kweli. Mwaka 2015 bakteria aitwaye Lactobacillus acetotolerans aliingia kwenye sehemu ya bia hiyo, chupa zikachachuka, wateja wakarudishiwa pesa. Tangu 2016 wanaipasha moto kuua vijidudu kabla ya kuijaza chupani. Wapo walionuna, wakidai joto linaua uhai wa bia. Niliyokunywa mimi ilikuwa hai vya kutosha.

Kilichonisumbua ni kingine. Bia inayolala mwaka mzima bila kuuzwa ni pesa iliyolala. Mdogo anaweza kuvumilia mapipa kumi. Maelfu, ghala zima, yanahitaji mfuko usiotetemeka. Inawezekana basi kwamba ukubwa ninaousema vibaya ndio unaolipia subira ninayoisifu, na hilo nalikubali shingo upande. Bia zao nyingine nitaendelea kuzipita. Kwa hii, sifa nampa aliyeonja pipa baada ya pipa na kukataa lililostahili kukataliwa, mwenye hisa awe nani.

Mpya hutoka Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani, na watu hupanga foleni kwenye baridi. Shemeji ameshasema atakwenda. Tumekubaliana: foleni yake, nyama yangu, na hotuba isizidi dakika tano.