Basari na Wanasheria wa Tseikuru
Basari, yaani fedha za masomo zisizorudishwa, zinastahili pongezi za dhati katika wadi kame ya Tseikuru, eneobunge la Mwingi Kaskazini, Ukambani, kwa sababu njia ya uwakili ni ndefu: miaka minne ya shahada, kisha Chuo cha Sheria cha Kenya, na miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, hutoa mikopo ambayo lazima ilipwe. Mfuko wa Maendeleo ya Maeneobunge, ulioanzishwa mwaka 2003, hulipa karo bila kudai chochote, na hapo ndipo ubora wake ulipo kwa familia ambayo mvua ikikosekana hulazimika kuuza mbuzi. Thamani ya wakili ilidhihirika Ukambani tangu kesi ya Kapenguria ya 1952 hadi 1953, ambapo mwanasiasa wa Ukambani Paul Ngei na wenzake, walioshtakiwa kwa kuongoza Mau Mau, walitetewa na jopo lililojumuisha mawakili wa asili ya Kiasia, A. R. Kapila na Fitz de Souza. Kamati za basari, basi, ziwakumbuke pia wanaoingia Chuo cha Sheria, maana karo haikomi kwenye shahada.